Printa ndogo ya lebo, miezi tisa kwenye chumba changu cha sabuni na krimu hapa Fuoni, Unguja

Nianze na jawabu kabisa maana najua wengine hamna muda: inunueni. Ila musiinunue na roll zake za karatasi mukadhani mumemaliza, na musiinunue kama bado hamujaamua kila chupa iitwe nambari gani. Hayo mawili nitayaeleza huko chini. Nikikutana na wenzangu wa sabuni ni swali hilo hilo, ile mashine yako ya stika vipi, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Mie natengeneza sabuni ya mwani, krimu ya mwili, mafuta ya miguu, na singo ya maharusi kwa oda. Chumba ni kimoja cha nyuma na humo ndani kuna chupa, madumu na mapakiti zaidi ya mia na ishirini, maana kila anaekuuzia mafuta anakupa na kichupa cha kujaribia, na ukienda Pemba unarudi na vyengine, na unga wa mwani wa huyu si sawa na wa yule, na vyote unavitaka. Zamani nilikuwa naandika kwa maka juu ya masking tepu. Fomula zilikuwa kwenye daftari la skuli, nyengine kwenye simu, nyengine nimejitumia mwenyewe WhatsApp.

Kilonifanya nibadilike ni bibi mmoja wa Jambiani. Analima mwani, mikono yake inakaa kwenye maji ya chumvi kila bamvua, na kabla ya Ramadhani alichukua kwangu krimu ya mkebe mkubwa akaipenda sana. Baada ya Idi akaja tena, kapanda daladala mpaka mjini na nyengine mpaka kwangu, anataka ile ile. Nikampa. Akaifungua pale pale, akainusa, akapaka nyuma ya mkono, akatulia kidogo.

"Mwanangu, hii si ile."

Nikamwambia bibi ni ile ile, fomula moja.

"Fomula mie siijui. Ile ilikuwa haipigi kichwani namna hii."

Na alikuwa anasema kweli. Nilipokwenda kuangalia nikakuta chupa mbili za kahawia, zote mbili tepu imelowa mafuta na maandishi yamefutika, limebaki "kara" tu kwenye moja. Moja ilikuwa mafuta ya makonyo nyengine mafuta ya majani ya mkarafuu. Kwa wasiojua, mkarafuu unatoa mafuta ya aina tatu, ya karafuu yenyewe, ya makonyo (vile vijiti tunavyochambua) na ya majani. Zote eugenoli (ile kemikali yenye harufu ya karafuu) ndo imejaa humo ndani, ndo maana mtu akinusa haraka anaona kitu kimoja, lakini ya majani ina ukali na harufu nzito ya dawa, ya karafuu yenyewe ni laini na tamu zaidi, ya makonyo iko katikati. Bei pia mbali mbali. Pemba wanakamua mafuta ya makonyo miaka mingi, kiwanda cha ZSTC, lile shirika la serikali la karafuu, kiko pale Wawi, na mie ya kwangu ya Ramadhani ilikuwa makonyo. Ilofuata nikatia majani bila ya kujua. Daftari limeandikwa "karafuu 0.3". Karafuu ipi? Hakuna alojua, hata mie nilokuwa nimeandika.

Nilimrejeshea pesa zake na nikaona uchungu sana siku ile, mtu mzima katoka Jambiani.

Basi ndo nikanunua printa. Ni ile ndogo ya mkononi inayoshika na simu kwa Bluetooth, inaingia kwenye kiganja, haina wino wala katriji, karatasi yenyewe ndo inabadilika rangi ikipata joto la kichwa cha printa. Nilitoa laki moja na ishirini pamoja na roll tatu. Jina la kampuni sitolitaja, ziko nyingi na zote zinafanana. Chaji naijaza kama mara moja kwa wiki mbili na mie naitumia karibu kila siku. Lebo nnazotumia ni milimita 40 kwa 30 na huo ndo upana nnaowashauri, kuna watu wamechukua zile za milimita 15 nyembamba kama utepe kwa sababu bei ndogo halafu wanajuta, hakuna kinachoingia zaidi ya jina.

Kwenye lebo yangu ya chupa ya makonyo imeandikwa hivi: juu kwa herufi kubwa K-014, chini yake Mafuta ya makonyo, halafu kwa kidogo Eugenia Caryophyllus Stem Oil (ndo jina lake la INCI, lile linalotakiwa kwenye lebo za vipodozi nchi nyingi, ya majani yanasema Leaf Oil na ya karafuu yenyewe Bud Oil), halafu siku ilivyoingia, siku nilipoifungua, na mwisho wa kutumika. Basi. Muuzaji na bei sitii, hayo yanakaa kwenye shiti, jedwali langu la kwenye simu, nitalieleza chini. Hiyo K-014 maana yake ni mzigo wa kumi na nne wa mafuta ya mkarafuu kuingia kwangu, si mafuta ya karafuu kwa jumla. Nikinunua chupa nyengine kesho kwa mtu yule yule inakuwa K-015. Hapa ndo wengi wanakosea, wanaipa nambari aina ya kitu badala ya mzigo ulioingia, halafu mzigo mbaya ukija hawaujui upo kwenye nini.

Sasa ubaya wake.

Roll za karatasi zinazokuja na printa hazifai kwa mafuta. Hazifai kabisa. Wiki ya tatu tone moja la mchaichai liliteremka ubavuni mwa chupa likapita juu ya lebo na pale lilipopita maandishi yaliondoka kama mtu kafuta kwa ufutio, mstari mweupe kutoka juu mpaka chini. Spiriti nayo hivyo hivyo, ukifuta chupa kwa spiriti na lebo ishabandikwa umeiharibu. Nikasema nitaziba juu kwa selotepu. Nikaziba chupa thelathini, kazi ya mchana mzima, na baada ya wiki kadhaa maandishi chini ya selotepu yakaanza kufifia, kwanza kahawia halafu hakuna kitu. Kumbe gundi na plastiki ya ile selotepu ndo inakula maandishi ya joto, ni kama risiti za benki ukizibandika kwa tepu zinavyofutika. Na joto lenyewe pia, chumba changu kipindi cha kaskazi saa nane mchana kinawaka, na chupa ilokaa karibu na dirisha lebo yake iliingia weusi weusi.

Dawa yake ni roll za plastiki, zile za joto hizo hizo lakini za plastiki na zimepakwa juu kinga ya mafuta na maji. Mjini Darajani na Mlandege nimezunguka sana, za karatasi utapata, za plastiki kwa upana wangu sikupata, naagiza Dar zinakuja na boti. Roll moja ni karibu mara mbili ya bei ya karatasi. Lakini tangu nibadilishe, chupa za mafuta ya harufu zinasomeka zote, na ya karafuu ambayo ndo mkali wao nimeimwagia makusudi nikaifuta na kitambaa, imebaki. Za karatasi nazitumia kwa mapakiti ya unga tu na mikebe ya majaribio ambayo haikai zaidi ya miezi mitatu.

Na hata hivyo nambari naiandika mara ya pili. Kwenye kitako cha chupa, kwa kalamu ya rangi ya mafuta, K-014 peke yake. Lebo ikienda kitako kipo. Kabla ya kubandika futa chupa kwa spiriti, iache ikauke vizuri, ndo ubandike, hasa wakati wa masika, maana chupa inaonekana kavu kumbe ina jasho na kesho lebo iko chini.

Maadam niko kwenye karafuu niseme na hili. Usiyaweke mafuta ya karafuu kwenye vile vikasha vyeupe vya plastiki ngumu inayovunjika kama kioo, wala usiyapimie humo. Mie nilikuwa na trei ya vyumba vyumba ya namna hiyo, nzuri, nimepangia sampuli ndogo ndogo, kichupa kimoja kikavuja usiku, asubuhi plastiki imelainika imekuwa kama ubani ulotafunwa na chupa tatu zimegandia. Chupa ya kioo ya kahawia, kifuniko cha kawaida. Ile mipira ya kudondoshea nayo musiiache juu ya chupa, inavimba na inateremka kwenye mafuta, iwekeni kando.

Printa peke yake lakini haifanyi kitu, ni stika tu. Kilonifaa ni ile nambari kuingia kwenye shiti. Natumia Google Sheets, ya bure, kwenye simu na kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Nina karatasi tatu ndani ya faili moja: Malighafi, Fomula, Batchi (batchi ni kila mara moja nnayotengeneza). Malighafi ni kila mzigo na nambari yake. Fomula zimeandikwa kwa asilimia ya uzito tu, hakuna kijiko wala kikombe, na chini kuna jumla, isipokuwa 100 kisanduku kinakuwa chekundu. Krimu ya yule bibi iko hivi: maji 71.4, mafuta ya nazi 12, siagi ya shea 5, nta ya emalsifaya (inayoshikanisha maji na mafuta) 6, glisirini 4, kihifadhi 1, vitamini E 0.3, mafuta ya makonyo 0.3. Nikitaka gramu 500 naandika 500 juu na shiti yenyewe inanambia makonyo gramu 1.5, kihifadhi gramu 5. Gramu 1.5 haipimwi na mizani ya jikoni, tafadhali, tafuteni mizani ya kusoma 0.01, ndogo za vito zinatosha. Na vitamini E si kihifadhi, inazuia mafuta kuchacha tu, bakteria haiwafanyi kitu, nasema kwa sababu bado nasikia watu wanauza krimu ya maji yenye vitamini E peke yake na kwa unyevu wa hapa petu ile ni hatari.

Fomula siifuti. Nikibadilisha hata kitu kimoja natoa nakala, KR-03 toleo la 4 inakuwa toleo la 5, na pembeni naandika kwa nini. Safu nyengine nimeweka ya eugenoli, maana hoteli moja iliniuliza kuhusu wageni wao, na Ulaya eugenoli lazima itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 kwa kitu kinachobaki mwilini na 0.01 kwa kinachooshwa, na krimu yenye makonyo 0.3 imeshapita mbali sana. Shiti inanionesha kabla sijatengeneza. Na hapa kwetu vipodozi viko chini ya ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, sheria yake ya mwaka 2006 imetaja chakula, dawa na vipodozi pamoja, kwa hiyo mwenye nia ya kusajili bidhaa yake aanze kuweka rekodi sasa hivi, si wiki ya kupeleka fomu.

Umeme ukikatika faili liko kwenye simu, nimeliwekea kufunguka bila ya intaneti. Siku moja mtoto wa dada alishika simu akafuta safu nzima ya tarehe, nikafungua kwenye kompyuta historia ya matoleo nikarudisha ya asubuhi, dakika mbili. Sasa wengine nimewapa ruhusa ya kuangalia tu.

Karatasi ya tatu, Batchi, ndo ilonilipa pesa zote za printa. Kila nikitengeneza naandika batchi nambari kadha, fomula toleo kadha, na mbele ya kila kitu nambari ya mzigo. Na kila batchi naweka akiba, kipande kimoja cha sabuni au kimkebe cha gramu 30, na lebo yake, kwenye rafu ya juu, sikiuzi. Mwezi wa tano wa kufanya hivyo, nikapita kwenye rafu ya akiba nikaona sabuni za mwani mbili zina madoa ya rangi ya chungwa, vidogo kama vichwa vya pini, na ukinusa kuna harufu ya mafuta ya zamani. Kuchacha huko. Nikadhani mafuta ya nazi, kwa sababu ndo mengi. Lakini nazi hayachachi upesi. Nikafungua shiti, nikachuja, batchi zilokuwa na madoa zote zimetumia A-007, dumu la alizeti, na ambazo zimetumia A-006 na A-008 safi kama siku ya kwanza. A-007 ni lile dumu lilokaa limefunguliwa dirishani karibu miezi miwili wakati nauguza mama. Alizeti hayo ndo yanaharibika, hewa na mwanga na joto. Kulikuwa na batchi nyengine mbili za A-007 bado sijazipeleka dukani, vipande themanini na kitu. Sikuzipeleka. Bila ya ile nambari ningetupa kila kitu au ningeuza kila kitu, na sijui kipi kibaya zaidi.

Na kwa wenye kutengeneza sabuni kuna jambo kubwa kuliko madoa. Hapa kwetu mafuta ya nazi mara nyingi hayagandi, yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 na chumba changu ni nadra kufika huko chini, kwa hiyo dumu la nazi na dumu la alizeti ni maji maji yote mawili, rangi karibu moja, madumu ya njano yanayofanana. Gramu 100 za nazi zinakula kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) kama gramu 18. Alizeti zinakula kama 13 na nusu. Ukikosea dumu, ukatia kostiki ya nazi kwenye kilo moja ya alizeti, karibu gramu 45 za kostiki zinabaki hakuna mafuta ya kuzila, na ile ni sabuni ya kuunguza mtu. Lebo kwenye dumu ibandikwe pande mbili na moja iwe kwenye mkono wa kushikia, pale unaposhika macho yanaona.

Kupanga chumba nitasema kwa kifupi. Fundi wa mtaani alinitengenezea rafu za mbao nyembamba, chupa mstari mmoja mmoja, hakuna kilojificha nyuma ya chengine. Nimepanga kwa kazi yake kwenye fomula, vya upande wa maji, vya upande wa mafuta, vya mwisho vinavyotiwa kikipoa, ili nikitengeneza nitembee kutoka kushoto kwenda kulia. Kostiki iko chini peke yake mbali na asidi ya limau, kwenye debe linaloziba, maana inavuta unyevu wa hewa na inapoteza nguvu. Vitu vya harufu, karafuu, ilangilangi, mdalasini, udi, vimo kwenye sanduku lao lenye kifuniko, nilikuwa naviweka pamoja na unga wa mwani na unga ukanuka karafuu mpaka nikaumwaga.

Nisiyoyapenda kwenye printa yenyewe: programu yake ya simu inataka ujisajili na intaneti mara ya kwanza, ikifunguka inakuletea matangazo, na ukiandika jina refu inapunguza herufi bila kukuuliza mpaka hazisomeki. Roll ikiingia kombo inachapa nusu kwenye lebo hii nusu kwenye ile, inabidi ubonye kitufe ijipime tena. Na kichwa chake kinataka kufutwa kwa pamba na spiriti kila baada ya roll, la sivyo inatokea mistari myeupe. Zile programu kubwa za fomula za kulipia kwa dola kila mwezi niliijaribu moja kwa siku chache za bure, nzuri, lakini kwa mtu mwenye fomula ishirini na tano kama mie shiti inatosha.

Yule bibi alikuja tena mwezi ulopita, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Nikampa toleo la 4, K-014. Akanusa, akapaka nyuma ya mkono kama siku ile, akafunika mkebe, akaniuliza iko mingapi.

Roll za plastiki nimeagiza kumi, zinafika na boti ya Jumamosi. Mie nataka sita, nne zilobaki anaetaka aniambie mapema.